macOS Tahoe 26: kioo kinang'aa, maandishi yanazama

Tangu Apple ilipoionyesha macOS Tahoe 26, mfumo endeshi wa kompyuta za Mac, tarehe 9 Juni 2025 mpaka ilipotoka rasmi tarehe 15 Septemba mwaka huohuo, gumzo la watumiaji wa Mac lilikuwa moja: sura mpya iitwayo Liquid Glass. Wapo walioishangilia, na wapo walioapa kubaki na Sequoia, toleo lililotangulia, mpaka mashine zao zife. Malalamiko hayo hayana uzito sawa. Mengine ni ya ladha, na ladha huzoeleka baada ya wiki mbili. Mengine yanagusa kazi yenyewe: kusoma kilicho kwenye skrini, kushika dirisha, kuipata programu unayoitaka. Hapa tunashughulika zaidi na hayo ya pili. Tahoe ni mfumo mzuri uliovishwa nguo isiyomfaa mtu anayeshinda na kompyuta kutwa nzima, lakini nguo hiyo inapunguzika ukijua pa kukata.

Namba 26 isikuchanganye. Kabla yake ilikuwa 15, yaani Sequoia. Apple iliamua mifumo yake yote, ya simu, saa, runinga na kompyuta, ifuate namba moja inayoendana na mwaka unaofuata ule wa kutolewa.

Kioo juu ya nini?

Liquid Glass ni tabaka la vitufe, menyu na mapau linaloigiza kioo halisi. Rangi za kilicho chini yake hupenya, hupinda kwenye kingo kama unavyoona vidole nyuma ya bilauri ya maji, na juu yake hupita mng'ao mdogo. Kwa macho ni kazi ya ustadi mkubwa. Dock, ule upau wa ikoni za programu, imependeza, na vitelezi vya sauti na mwangaza katika Control Center vinavutia kuvigusa.

Tatizo ni kwamba kioo hakina rangi yake. Kinachukua rangi ya chochote kilicho chini. Kwenye simu, programu moja hujaza skrini nzima na msanifu wake anajua kwa kiasi kikubwa kitakachopita chini ya kitufe. Kwenye kompyuta kuna madirisha matano yaliyolaliana, picha ya mandhari uliyoichagua mwenyewe, na ukurasa wa tovuti ambao leo ni mweupe na kesho ni mweusi. Hakuna msanifu awezaye kukadiria yote hayo, kwa hiyo usomekaji wa maandishi umeachiwa bahati.

Mfano ulio wazi ni programu ya Music. Vidhibiti vya kucheza wimbo sasa vinaelea chini ya dirisha kama kidonge cha kioo, juu ya majalada ya albamu. Teremsha ukurasa taratibu uone: jalada jeupe likipita chini yake, maandishi ya kidonge huwa meusi, jalada jeusi likifuata, hugeuka meupe. Mfumo unapima mwanga wa kilicho chini na kubadili rangi kuufuata. Lakini jalada lenye nusu nyeupe na nusu nyeusi halina jibu sahihi, na hapo jina la wimbo linapotea upande mmoja. Jicho nalo linavutwa na mgeuko huo kila unapoteremsha ukurasa, hata kama hukuwa na haja na vidhibiti wakati huo.

Jambo hili linapimika, halihitaji ubishi. Ndani ya folda ya Utilities kuna programu ndogo iitwayo Digital Color Meter. Ifungue, nenda menyu ya View, kisha Display Values, uchague as Hexadecimal, halafu kwenye orodha ya juu ya dirisha chagua sRGB. Weka kishale juu ya herufi uandike namba unayoiona, kisha juu ya mandhari ya nyuma yake uandike ya pili. Ziingize namba hizo mbili katika kikokotoo chochote cha utofautishaji wa rangi. Kipimo kinachokubalika duniani kwa usomekaji wa tovuti, WCAG, kinataka uwiano usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Ili upate picha: herufi nyeupe juu ya kijivu 767676 zinapata 4.54, ziko salama kwa unywele. Juu ya kijivu 999999 zinashuka hadi 2.85, na hapo mtu mwenye macho mazima kabisa anaanza kukunja uso. Pima menyu na vidhibiti vya Tahoe juu ya picha ya mandhari yenye mawingu au mchanga, utaona namba zinavyopanda na kushuka kwa kusogeza dirisha sentimita chache tu. Ukikaa karibu na dirisha lenye jua, au kwenye skrini ambayo taa yake imeshaanza kufifia, upungufu huo unazidi.

Upau wa menyu ndio uliopigiwa kelele kuliko sehemu nyingine zote. Katika beta ya kwanza, yaani toleo la majaribio, ulikuwa wazi kabisa: maneno File, Edit na View yalielea juu ya picha ya mandhari bila chochote cha kuyabeba. Waliokuwa na Mac mwaka 2007 waliona jambo hili likirudi, kwa sababu Leopard, toleo la mwaka huo, nayo ilikuja na upau wa menyu unaopenyeza mandhari, watu wakalalamika, na toleo la 10.5.2 la Februari 2008 likaleta swichi ya kuuzima. Safari hii haikuchukua miezi. Beta ya pili, iliyotoka wiki mbili baada ya ile ya kwanza, ilikuja na swichi ya kuurudishia upau rangi yake ya nyuma. Kilio kile kilikuwa na manufaa, na waliokipiga wanastahili shukrani.

Beta hiyohiyo ya pili ilirekebisha pia ikoni ya Finder, programu ya kutazama na kupanga faili. Uso ule wa rangi mbili umekuwa na bluu upande wa kushoto tangu miaka ya 1990, na beta ya kwanza ilizigeuza. Kwa asiyetumia Mac hilo ni jambo dogo. Kwa anayeitumia, ni kama kuamka ukakuta bendera imeshonwa kinyume.

Mipangilio ya kubadili siku ya kwanza

Anza na upau wa menyu. Fungua System Settings, ingia Menu Bar, uwashe Show menu bar background. Hili lifanye hata kama umeipenda sura mpya, maana halikupunguzii chochote.

Kisha angalia toleo lako: menyu ya tufaha, About This Mac. Kama ni 26.1 au zaidi, ingia System Settings, Appearance, na kwenye Liquid Glass chagua Tinted badala ya Clear. Tinted inaongeza ukungu ndani ya kioo, herufi zinapata pa kukaa. Usitarajie makubwa, kwenye Mac tofauti yake ni ndogo.

Kama bado unakaza macho, dawa kamili ni System Settings, Accessibility, Display, kisha Reduce transparency. Hapo vioo vinakuwa ubao mtupu: Dock inapata kijivu kizito, menyu haipenyezi kitu, na mapau ya pembeni yanatulia. Urembo unapungua kweli, na baadhi ya vitufe vinabaki na pete za mng'ao zilizobuniwa kwa ajili ya kioo ambacho hakipo tena. Hata hivyo kwa anayeandika, anayehariri hesabu au anayesoma mikataba kutwa, hii ndiyo Tahoe inayofaa. Karibu nayo kuna Increase contrast. Ukiiwasha, Reduce transparency inajiwasha pia, na kila kitufe kinachorwa mstari wa kukizunguka. Kwa mwenye uoni hafifu ni msaada mkubwa. Kwa wengine ni nzito mno.

Jambo la mwisho halimo kwenye mipangilio ya kioo kabisa: picha ya mandhari. Chagua iliyotulia, yenye rangi moja au mbili zilizokolea, isiyo na mwanga mkali juu wala chini ambako upau wa menyu na Dock hukaa. Badiliko hili peke yake linaondoa sehemu nzuri ya kero.

Kona zisizoshikika

Madirisha ya Tahoe yana kona za duara kubwa kuliko zamani, na ukubwa wa duara unategemea aina ya dirisha. Lenye upau wa zana lina duara pana, lenye kichwa kitupu lina duara dogo. Ukiyaweka mawili kando kwa kando hayaoani, na hilo limewaudhi wengi. Udhia huo ni wa macho tu.

Kero ya mkono ni nyingine. Sogeza kishale polepole kuelekea kona ya chini kulia ya dirisha la Finder, kama mtu anayetaka kulipanua. Katika matoleo ya kwanza ya Tahoe, kishale kinakataa kugeuka mshale wa pande mbili unapokuwa juu ya kona yenyewe. Kinageuka ukishatoka nje ya duara, juu ya mandhari au dirisha la jirani. Ukibofya mapema, unachagua faili au hupati kitu. Ukichelewa, unaliamsha dirisha la nyuma. Sababu yake ni ya kijiometri. Eneo la kushikia ni mraba uliowekwa pale ambapo kona ya mraba ingekuwa. Duara lilipokuwa dogo, sehemu nzuri ya mraba huo ilikuwa juu ya dirisha. Duara limekua, kona imekatwa, na sehemu kubwa ya mraba imebaki hewani.

Njia ya kuikwepa ni kuacha kona na kushika ukingo: weka kishale katikati ya ubavu wa kulia uburute, kisha ukingo wa chini. Au tumia kibodi. Fn na Control pamoja na mshale wa kushoto hulipeleka dirisha nusu ya kushoto ya skrini, mshale wa kulia nusu ya kulia, na Fn, Control na F hulijaza skrini nzima. Vifupisho hivi vilikuja na Sequoia, na ukivizoea hutaitamani kona tena.

Mapau ya zana nayo yamenenepa, na mapau ya pembeni yanaelea kama kisiwa chenye nafasi pande zote. Kwenye skrini ya inchi 27 huoni hasara. Kwenye MacBook Air ya inchi 13 unapoteza mistari kadhaa ya maandishi katika kila dirisha. Ingia System Settings, Displays, uchague More Space. Herufi zitapungua ukubwa kidogo lakini mistari itarudi.

Ikoni kila mahali

Programu ambayo ikoni yake haijatengenezwa upya kwa umbo la mraba wenye kona za duara hufungiwa ndani ya kisanduku cha kijivu na kupunguzwa. Waundaji wa programu ndogo za zamani wameumizwa sana na hili, kwa kuwa umbo la kipekee ndilo lililokuwa linakuonyesha programu kwa kupepesa jicho tu. Dawa iko mkononi mwa muundaji, anayepaswa kutengeneza ikoni yenye matabaka kwa programu ya Icon Composer. Wewe mtumiaji ukitaka kuivua kijivu, ifungue picha ya ikoni katika Preview, nakili yote, kisha chagua programu yenyewe kwenye folda ya Applications, bonyeza Command na I, bofya ikoni ndogo iliyo juu kushoto, na ubandike kwa Command na V. Programu ikisasishwa huenda ukalazimika kurudia.

Kosa kubwa zaidi ni ikoni ndani ya menyu. Tahoe imeweka kipicha mbele ya amri nyingi: Open, Save, Print, Close, Copy, zote zina chake. Kipicha husaidia kinapotenganisha kitu na vingine. Kila mstari ukiwa na chake, vyote vinakuwa kelele, na mbaya zaidi amri ileile inapewa kipicha tofauti katika programu tofauti, huku kipicha kimoja kikibeba maana mbili. Jicho lililozoea kushuka kwenye ukingo ulionyooka wa maneno sasa linapita kwanza kwenye safu ya michoro midogo isiyosema lolote. Nyingi ya ikoni hizo zinaondoka kwa amri moja ya Terminal, programu ya kuandikia amri iliyo ndani ya folda ya Utilities:

defaults write -g NSMenuEnableActionImages -bool NO

Funga programu na uifungue tena ili ione badiliko. Kuzirudisha, andika amri hiyohiyo ukibadili NO kuwa YES.

Launchpad imezikwa

Launchpad, skrini iliyoonyesha ikoni za programu zako zote, iliingia mwaka 2011 na toleo la Lion. Mafundi wengi walioibeza hawakujua ni watu wangapi wanaitegemea: wazee, wanafunzi, maofisi ambako kila mtu amepanga programu zake katika makundi anayoyajua mwenyewe. Tahoe imeiondoa na kuweka Apps, orodha ya kialfabeti yenye makundi ambayo mfumo unajipangia. Huwezi kutunga kundi lako, huwezi kuburuta programu moja ikae jirani na nyingine, na mpangilio wako wa miaka kumi haukuhamishwa popote. Kati ya mabadiliko yote ya Tahoe, hili ndilo lenye udhuru mdogo kuliko yote.

Mbadala upo na hauhitaji programu ya kununua. Tengeneza folda mpya katika folda yako ya nyumbani, uiite Programu. Ndani yake weka folda ndogo: Ofisi, Picha, Muziki, utakavyo. Fungua Applications, shikilia Option na Command kwa pamoja, uburute programu hadi kwenye folda ndogo husika. Itaundwa njia ya mkato, programu yenyewe itabaki pale ilipo. Sasa iburute folda ya Programu hadi upande wa kulia wa Dock, karibu na pipa la taka. Ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua Folder chini ya Display as, na Grid chini ya View content as. Ukiibofya, makundi yako yanachomoza kama zamani. Usisahau kushikilia Option na Command, kwa sababu bila hivyo unaweza kuihamisha programu yenyewe, na programu nyingine hukataa kujisasisha zikiwa nje ya Applications.

Kwa mtu wa kibodi, habari ni njema. Spotlight ya Tahoe, yaani kitafutio cha Mac, ndiyo bora kuwahi kutolewa na Apple. Command na Space huifungua, kisha Command na 1 hukupa programu, 2 faili, 3 vitendo, na 4 historia ya vitu ulivyonakili. Hiyo ya mwisho peke yake inaokoa muda mwingi kila siku. Angalizo: nywila ulizonakili nazo zinaweza kukaa humo, kwa hiyo kama mashine inatumiwa na watu wawili, ingia System Settings, Spotlight, uizime. Folda kupewa rangi na alama ni jingine zuri: bofya kwa kitufe cha kulia, Customize Folder, basi.

Mashine iliyopata uzito ghafla

Wengi waliosasisha Septemba waliona kompyuta inakwama, feni zinalia, na dirisha likisogezwa linaburuzika, wakailaumu Liquid Glass. Mara nyingi chanzo kilikuwa kingine. Programu kama Slack, Discord na Visual Studio Code zimejengwa juu ya Electron, zana ya kutengenezea programu za kompyuta kwa teknolojia ya tovuti. Electron ilikuwa inaingilia njia ya ndani ya mfumo iitwayo _cornerMask, ambayo Apple haikuitoa kwa matumizi ya watu wa nje, ili ichore kona za dirisha. Kwenye Tahoe uingiliaji huo ulimfanya WindowServer, msimamizi wa kuchora madirisha yote, akokotoe kivuli cha dirisha upya bila kupumzika, na kadi ya michoro ikafanya kazi hata dirisha likiwa limetulia.

Electron ilirekebishwa katika matoleo ya 36.9.2, 37.6.0 na 38.2.0. Ila kila programu hubeba nakala yake ya Electron, hivyo kusasisha moja hakuiponyi nyingine. Kukagua, bofya programu kwa kitufe cha kulia ndani ya Applications, chagua Show Package Contents, kisha fuata Contents, Frameworks, Electron Framework.framework, Resources, na ufungue Info.plist. Namba iliyo mbele ya CFBundleVersion ndiyo toleo lake. Ikiwa iko chini ya ile ya mfululizo wake (36, 37 au 38), au inaanza na namba ndogo kuliko 36, isasishe programu hiyo, au itumie kupitia kivinjari mpaka isasishwe.

Nani asasishe

Mwenye Mac ya chipu ya M1 au mpya zaidi asasishe, abadili mipangilio iliyotajwa juu, na kazi iendelee. Spotlight pekee inalipa usumbufu.

Mwenye Mac ya zamani yenye chipu ya Intel ana hesabu tofauti. Tahoe inakubali aina nne tu: MacBook Pro ya inchi 16 ya 2019, MacBook Pro ya inchi 13 ya 2020 yenye milango minne ya Thunderbolt, iMac ya inchi 27 ya 2020 na Mac Pro ya 2019. Apple imetamka kwamba hili ndilo toleo la mwisho kwa Intel. Anayenunua Mac ya mtumba, iwe Kariakoo au Nairobi, aitazame orodha hiyo kabla ya kutoa pesa: MacBook Air yoyote ya Intel haimo, hata ile ya 2020. Kwa mashine hizo nne, kama Sequoia inakwenda vizuri na bado inapokea viraka vya usalama, hakuna haraka.

Kabla ya kubofya Upgrade, chukua nakala kamili kwa Time Machine ukiwa bado ndani ya Sequoia, kisha uchomoe diski hiyo uiweke kando. Kurudi nyuma kunawezekana, lakini ni kwa kufuta kila kitu na kusimika Sequoia upya kutoka kwenye flashi, na Migration Assistant ya Sequoia, programu ya kuhamishia data, hukataa nakala iliyotengenezwa na Tahoe. Ukiiacha diski imechomekwa baada ya kusasisha, Time Machine itaendelea kuandika humo, na nakala utakazozitegemea siku ya kurudi zitaanza kufutwa, ya zamani kwanza, kadiri diski inavyojaa.